Moto Unavuta Hewa Wapi? Hita ya Gesi kwenye Gereji ya Nyumbani

Januari ikishika Minnesota, gereji isiyo na joto haifai hata kwa kubadilisha oili. Spana inanata kiganjani, grisi inakuwa ngumu kama nta, rangi haikauki. Hapo ndipo Waswahili waliohamia Minneapolis, Des Moines, Portland ya Maine au Winnipeg huanza kutafuta hita ya gesi, na swali la kwanza huwa bei. Sisi tunaomba uanze na maswali mengine mawili: moto wa hita hiyo utavuta hewa kutoka wapi, na moshi wake utatokea wapi? Ukishayajibu hayo, hita nyingi za dukani zitakuwa zimejiondoa zenyewe.

Mtu wa Njombe, Makete, Limuru au Kinangop anaijua habari hii tangu utotoni. Usiku wa baridi kali jiko la mkaa linaingizwa chumbani, dirisha linafungwa, na asubuhi watu hawaamki. Kinachoua ni kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayokaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Gesi inayoungua vizuri hutoa kidogo sana, na hilo ndilo linalowapumbaza watu. Ndani ya gereji iliyofungwa oksijeni inapungua taratibu, moto unaanza kukosa hewa, na kuanzia hapo sumu inapanda kwa kasi. Kama gereji imeungana na nyumba, hatari haiishii kwenye gereji. Wakati wa baridi, hewa ya moto ndani ya nyumba hupanda na kutokea juu, na nyumba inajaziwa na hewa inayovutwa kutoka chini kupitia kila upenyo: chini ya mlango, kando ya mabomba, kwenye matundu ya nyaya. Kilichomo gerejini kinaingia vyumbani.

Aina za hita na ile tunayoishauri

Hita ya bei rahisi kuliko zote ni ile ya kubebeka yenye umbo la mzinga, inayopuliza moto na kuunganishwa na mtungi wa propani. Haina dohani. Ilitengenezwa kwa maeneo ya ujenzi yenye upepo wa kutosha, na maandishi kwenye ubavu wake yanasema hivyo. Mbali na sumu, kuna maji. Galoni moja ya propani ikiungua hutoa mvuke unaofikia lita 3 za maji. Hita ya BTU 60,000 kwa saa (BTU ni kipimo cha joto) huunguza kama theluthi mbili za galoni kila saa, kwa hiyo kila saa inamwaga lita 2 za maji hewani. Maji hayo yanatua kwenye kila chuma chenye baridi: spana, diski za breki, meza ya msumeno. Baada ya wiki mbili unaanza kusugua kutu. Mtungi wenyewe wa ratili 20 hautakiwi kuhifadhiwa ndani ya gereji. Kwa gereji ya nyumbani hatuishauri hita hii, hata mlango ukiachwa wazi kidogo.

Ya pili ni ile ya kuning'inia darini, yenye feni ya kusukuma moshi nje kupitia dohani, lakini moto wake unavuta hewa ya gerejini. Hii inakubalika, na kwa gereji inayotumika kuegesha gari tu inatosha. Shida inaanza pale gereji inapokuwa karakana. Vumbi la mbao linaziba vichomeo. Baadhi ya dawa za kusafishia breki zina klorini, na mvuke wake ukipita kwenye moto hugeuka asidi inayokula bati la kibadilisha joto, lile sanduku ambalo moto hupita ndani na hewa ya chumba hupita nje. Bati likitoboka, feni inaanza kupuliza moshi kwenye gereji. Ukiwasha na feni ya kutolea harufu ya rangi, inashindana na dohani na inaweza kurudisha moshi ndani.

Ya tatu ndiyo tunayoishauri kwa yeyote anayefanya kazi gerejini: hita yenye chumba cha moto kilichofungwa kabisa. Bomba moja linaleta hewa ya kulishia moto kutoka nje, jingine linapeleka moshi nje, na moto wenyewe hauonani na hewa unayoivuta wewe. Mvuke wa petroli, vumbi na dawa za breki havipiti kwenye kichomeo. Watengenezaji wengi huuza aina zote mbili zenye umbo moja, kwa mfano Hot Dawg ya Modine ina HD45 inayovuta hewa ya chumba na HDS45 iliyotengwa, zote za BTU 45,000. Ya pili ni ghali zaidi. Ukiwa na pesa ya kupunguza mahali fulani, punguza kwingine.

Kuna pia hita za mionzi, bomba refu linalopasha vitu badala ya hewa. Ni nzuri mahali penye dari ndefu. Chini ya dari ya futi 8 paa la gari linakuwa karibu mno.

Na kuna jambo ambalo mafundi wengine hulifanya kwa nia njema: kutoboa bomba la hewa la tanuru la nyumba, ile mashine inayopasha nyumba nzima, na kulielekeza gerejini. Hilo ni kosa. Linafungua njia ya mvuke wa petroli na moshi wa gari hadi vyumbani.

Hesabu ya joto, na kwa nini uanze na kuta

Watu hununua hita kubwa kwa kuogopa baridi. Tufanye hesabu ya gereji ya kawaida ya magari mawili, futi 24 kwa 24, dari futi 9, ukuta mmoja ukiwa wa kushirikiana na nyumba. Tunataka ndani pawe 55°F, kama 13°C, nje pakiwa −15°F, kama −26°C. Tofauti ni nyuzi 70 za Fahrenheit. Kwa kila sehemu, gawanya eneo la futi za mraba kwa kipimo cha R cha kihami, yaani namba ya jinsi kinavyozuia joto kutoka, upate BTU zinazopotea kwa saa kwa kila nyuzi moja.

Gereji ikiwa imehamiwa: kuta tatu za nje, futi za mraba 516 baada ya kutoa milango, zikiwa na sufi ya glasi ya R-13 zihesabiwe R-11 kwa sababu ya mbao, zinapoteza 47. Dari ya futi 576 yenye R-30 inapoteza 19. Mlango mkubwa wa futi 16 kwa 7 wenye R-6 halisi, 19. Mlango mdogo na dirisha, 12. Ukingo wa sakafu ya zege, futi 72 zinazogusa nje, kama 52. Hewa inayobadilika mara moja kwa saa, 93. Jumla ni 242, na ukizidisha kwa 70 unapata karibu BTU 17,000 kwa saa.

Gereji hiyo hiyo ikiwa na kuta tupu, dari ya mbao na jipsamu tu, mlango wa bati jembamba na mianya inayobadilisha hewa mara mbili kwa saa, jumla inafika karibu 780 kwa nyuzi, yaani BTU 54,500. Zaidi ya mara tatu. Kwa propani, ambayo galoni moja ina BTU zipatazo 91,500, na hita inayotumia asilimia 80 ya joto hilo, gereji iliyohamiwa itakula galoni 5 na nusu kwa siku ya baridi hiyo. Ile nyingine galoni 18.

Tazama tena ile hesabu ya kwanza: kinachopoteza zaidi ni hewa ya mianya, kisha ukingo wa sakafu. Mpira wa chini ya mlango mkubwa na mipira ya pembeni ndiyo kazi ya kwanza, kabla hujagusa sufi ya glasi.

Namba iliyoandikwa kwenye boksi la hita ni gesi inayoingia. Joto linalotoka kwenye hita ya kawaida ni asilimia 80 yake. Kwa gereji yetu iliyohamiwa, hita ya BTU 30,000 hutoa 24,000 na inatosha ikiwa unaacha joto likae siku nzima. Ya 45,000 hutoa 36,000, na inamfaa anayepandisha joto Jumamosi asubuhi tu. Zaidi ya hapo ni hasara: hita kubwa mno inawaka dakika chache, inazima, inawaka tena. Kibadilisha joto hakipati muda wa kupata moto kamili, mvuke wa moshi unaganda kuwa maji ndani yake, na kutu inaanzia ndani usikoona. Kwa sababu hiyo hiyo vitabu vya hita nyingi za asilimia 80 vinakataza kuacha chumba kikae chini ya 50°F mfululizo.

Bomba la gesi

Kazi ya gesi inahitaji kibali cha mji sehemu nyingi, na mahali kama Massachusetts au Ontario anayeruhusiwa kuigusa ni fundi mwenye leseni tu. Popote ulipo, tunashauri kuunganisha gesi umwachie yeye. Kuhami na kuziba mianya unaweza mwenyewe. Lakini yajue yafuatayo, maana gereji ni yako na fundi akiondoka unabaki nayo wewe.

Ukubwa wa bomba ndio unaokosewa zaidi. Kwa gesi asilia, futi moja ya ujazo ina BTU zipatazo 1,000, kwa hiyo hita ya 45,000 inataka kama futi 45 kwa saa. Sema kutoka mita hadi mwisho wa bomba ni futi 60, na bomba ni chuma cheusi cha robo tatu inchi. Kwa shinikizo la kawaida la nyumbani bomba hilo hubeba futi zipatazo 137 kwa saa. Tanuru la nyumba linachukua 80, hita ya maji 40. Hiyo ni 120 tayari. Ukiongeza 45 unafika 165, na bomba halitoshi. Panahitajika la inchi moja, au laini mpya kutoka kwenye mita. Ukilazimisha, Oktoba kila kitu kitafanya kazi. Kitakachokuumbua ni usiku wa baridi kuliko yote, pale mashine zote tatu zinapowaka pamoja, shinikizo linaposhuka na tanuru la nyumba linapojizima saa nane za usiku. Angalia na bamba la mita yenyewe kama inabeba jumla hiyo.

Kwenye hita, mpangilio wa mwisho uwe hivi. Vali ya kufungia kwa mkono, ndani ya futi 6 kutoka kwenye hita na mahali unapofika bila kupanda juu ya gari. Baada ya vali, yunioni, yaani kiungo kinachofunguka, ili hita iweze kufunguliwa. Kisha kikusanya uchafu: bomba linashuka wima na kuingia kwenye tii, kiungo chenye umbo la T, gesi inakata kona kwenye tawi la ubavuni kuelekea hita, na chini ya tii kuna kipande cha angalau inchi 3 chenye kifuniko. Chembe za kutu na vipande vya chuma, vikiwa vizito, vinanyooka na kudondokea humo. Tumeona mara nyingi tii imefungwa kinyume, gesi ikiingia kwa ubavu na kuendelea juu. Hapo kikusanya uchafu hakikusanyi kitu.

Kwenye nyuzi za bomba tumia dawa ya kuzibia inayoruhusiwa kwa gesi, au tepu ya njano iliyo nene. Ile nyeupe nyembamba ni ya maji. Acha nyuzi mbili za mwanzo wazi. Tepu ikizungushwa hadi mdomoni, kona yake inakatika wakati wa kukaza, kipande kidogo kama ukucha kinasafiri na kukwama kwenye vali ya gesi, nayo haifungi sawasawa tena.

Upimaji wa kuvuja una mtego wake. Fundi anajaza hewa kwenye laini kwa shinikizo la psi 3 (ratili 3 kwa inchi ya mraba) au zaidi kama mkaguzi anavyotaka. Vali ya hita imetengenezwa kuvumilia nusu psi tu. Kabla ya kupima lazima hita iondolewe kwenye laini na mdomo wa bomba uzibwe kwa plagi, la sivyo kipimo kinaua vali. Baada ya kuunganisha, paka maji ya sabuni kila kiungo na usubiri. Povu dogo linalokua polepole ni uvujaji sawa na povu kubwa. Kiberiti hakihusiki kamwe.

Wa propani: mtungi mdogo wa ratili 20 hauwezi kulisha hita ya kudumu kwenye baridi kali. Propani hugeuka mvuke kwa kuchemka, na huacha kuchemka ikifika −42°C. Kadiri mtungi unavyopoa ndivyo mvuke unavyopungua. Unahitaji tangi kubwa nje na regyuleta ya hatua mbili. Na hita iliyotoka kiwandani kwa gesi asilia ibadilishwe nozeli na springi ya vali kwa seti ya mtengenezaji. Propani ikipita kwenye nozeli za gesi asilia inaingia nyingi kuliko hewa iliyopo: moto wa njano mrefu, masizi, na kaboni monoksidi nyingi.

Kuning'iniza na kutoa moshi

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni kama maji. Ndiyo sababu sheria inataka chanzo chochote cha cheche gerejini kiwe angalau inchi 18 juu ya sakafu. Hita ya kuning'inia inapita hapo kwa mbali, kwani vitabu vingi vinataka tumbo lake lisiwe chini ya futi 5, na vingine futi 7. Ifunge kwenye fito mbili au tatu za kenchi kwa mbao au chuma cha pembe kinachozivuka, siyo kwenye fito moja na wala siyo kwenye jipsamu. Kisha fungua mlango mkubwa wa gereji hadi juu uone unapolala. Kosa la kawaida ni hita kutundikwa mahali pazuri huku mlango ukiwa umefungwa. Ukifunguka, unakaa sentimita chache chini ya tumbo la hita au mbele ya feni. Umbali kutoka kwenye mbao, pande zote, soma kwenye bamba la hita yako.

Dohani itumie aina ya bomba inayotajwa na kitabu cha hita hiyo. Bomba jembamba la mashine ya kukaushia nguo halifai kabisa. Bomba la kuta mbili la kawaida limetengenezwa kwa moshi unaopanda wenyewe; viungo vyake havizuii shinikizo la feni, na moshi utapenya kila kiungo. Kwa dohani ya kulala ya hita ya asilimia 80, iinamishe robo inchi kwa kila futi kuelekea nje, ili maji ya mvuke yasirudi kwenye hita. Mdomo wa nje ukae futi 4 au zaidi kutoka kwenye dirisha au mlango wowote unaofunguka, na futi 3 juu ya tundu lolote la feni inayovuta hewa ndani likiwa karibu ya futi 10.

Umeme ni sehemu ndogo lakini ina ujanja. Hita hizi hutambua moto kwa kupitisha mkondo mdogo sana wa umeme kwenye ndimi za moto hadi kwenye athi. Athi ikiwa mbovu, au waya wa moto na wa nyutro vikibadilishwa, hita inawaka sekunde chache na kuzima, tena na tena, na watu huishia kununua bodi mpya bure. Thamostati, kile kidude kinachopima joto na kuwasha hita, iwe kwenye ukuta wa ndani, futi 5 juu, mbali na upepo wa hita.

Kuwasha mara ya kwanza

Fungua mlango mkubwa. Mafuta ya kiwandani kwenye bati yataungua na kutoa harufu kwa nusu saa hivi. Fundi apime shinikizo la gesi baada ya vali: inchi 3.5 za maji kwa gesi asilia, 10 kwa propani, isipokuwa bamba liseme vingine. Kwa gesi asilia unaweza kuhakiki mwenyewe. Zima vifaa vingine vyote vya gesi, utazame kidude cha futi moja ya ujazo kwenye mita: hita ya 45,000 inakizungusha mara moja kwa takriban sekunde 80. Kikizunguka kwa sekunde 60, hita inalishwa kupita kiasi.

King'ora cha kaboni monoksidi kiwe ndani ya nyumba, karibu na mlango wa gerejini na karibu na vyumba vya kulala. Minnesota inataka kisizidi futi 10 kutoka kila chumba cha kulala. Elewa jinsi kinavyosikia. Kwenye sehemu 400 za sumu hiyo kwa milioni za hewa kinalia ndani ya dakika 4 hadi 15, lakini kwenye 70 kinaweza kukaa kimya kwa muda wa hadi saa 4 kabla ya kulia. Watu wote nyumbani wakiumwa kichwa na kichefuchefu pamoja, na wakipata nafuu wakitoka nje, tokeni na mpige simu ya dharura hata kama king'ora kiko kimya. Angalia na tarehe nyuma yake, kwani kina umri wa miaka 5 hadi 10 kisha hakina kazi.

Hitilafu za miaka inayofuata huwa chache na zinajirudia. Hita inayowaka na kuzima: kichungulia moto kimepata utando mweupe, kisugue taratibu kwa sufi laini ya chuma. Hita inayozima baada ya kupata moto sana: feni imejaa vumbi au kuna boksi limewekwa mbele yake. Hita isiyowaka kabisa Novemba: nyigu wamejenga kwenye bomba la hewa wakati wa kiangazi, na swichi ya shinikizo, inayohakikisha hewa inapita kabla moto haujawaka, imekataa, kama inavyotakiwa. Usiiruke swichi hiyo kwa kipande cha waya, hata kwa kujaribu. Na isiyowaka Februari asubuhi baada ya dhoruba: toka nje na koleo. Sheria inataka mdomo wa dohani uwe inchi 12 juu ya ardhi, lakini Minnesota ardhi ya Februari iko juu zaidi ya ile ya Julai. Ukipanga tundu la ukutani, pima kutoka juu ya theluji, pale upepo unapoirundika kwenye ukuta wako.